Naomba ushauri: nile nini baada ya kukatwa kipande cha utumbo?

Wakuu, habari za saa hizi. Wiki 5 zilizopita nilifanyiwa upasuaji baada ya utumbo mpana kujisokota. Walikata kipande, wakaunganisha. Kidonda cha nje kimepona vizuri, shida iko mezani.

Niliambiwa nianze na vyakula laini visivyo na makapi, nile kidogo kidogo mara 5 au 6 kwa siku na nitafune sana. Nikatii: uji mwepesi wa sembe, mtori, wali uliolainika, mayai ya kuchemsha, samaki wa mchuzi bila pilipili. Hapo tumbo linatulia. Ila nimechoka navyo, na uzito haurudi. Juzi mama mkwe kaja na kisamvu cha nazi na maharage. Ukikataa chakula cha mama mkwe, kesi yake mnaijua. Nilikula vijiko 4 tu, usiku kucha tumbo likajaa gesi na kunguruma kama mashine ya kusaga. Maziwa freshi nayo yananikimbiza chooni, mtindi angalau.

Mliopitia haya, mlirudia lini mboga za majani na jamii ya kunde, na mlianzaje? Dona je? Nataka kurutubisha uji kwa karanga lakini naogopa. Kuna aliyezisaga laini kabisa zikamkubali?

Kliniki narudi wiki ijayo. Tumbo likifunga, nikitapika au nikipata homa najua ni hospitali moja kwa moja, hilo msiwe na wasiwasi.