Naomba ushauri: kubadili mipangilio ya Scribus kwa mkono

Wakuu, habari za leo. Ofisi yetu ya uchapaji iko Kariakoo, kompyuta zote zina Linux na Scribus 1.5.8 (programu ya kupanga kurasa za kuchapa). Nataka kila faili jipya lifunguke A4 likiwa na ziada ya kukatia ya mm 3 pande zote, bila fundi kujaza upya kila mteja wa kadi za harusi akija.

Mipangilio iko kwenye scribus150.rc, ndani ya ~/.config/scribus. Ni XML (maandishi yenye lebo), na vipimo vyake ni pointi, kipimo cha wachapaji: mm 3 ni 8.504, kwa nukta, si mkato. Hapo sina shida. Programu ifungwe kwanza, maana inapofungwa inaliandika faili upya na kufuta ulichohariri. Nakala ya akiba ni lazima.

Shida ni kwamba fundi akigusa mipangilio, yangu inapotea. Je, nilifungie faili kwa chmod 444 (lisomwe tu, lisiandikwe), au niifungue programu kwa --prefs (amri ya kuchagua faili la mipangilio) ikielekezwa kwenye faili la pamoja? Hilo la pamoja nalo si litaandikwa juu mtu akifunga? Na njia za folda za fonti, nizifute kabla ya kunakili kwenye mashine nyingine? Aliyewahi kufanya hivi anielekeze.