Tupeane uzoefu: tuliosoma ufundi tungali sekondari

Patasi
Wakuu, habari za jioni. Mwanangu amekuja na fomu ya kuchagua mkondo: masomo ya kawaida au ufundi, na akienda ufundi achague umeme, mitambo, ujenzi, ushonaji au kompyuta. Mwenyewe anautaka umeme. Baba yake hataki kusikia. Mimi nilisoma ujenzi tangu sekondari na fomu ile imeniamshia mengi. Naomba tuliopita huko tusimulie, mabaya yasifichwe. Mlifundishwaje, kilichowauma ni nini, na vyeti vimewafikisha wapi?

Nianze mimi. Darasani hesabu zilinishinda. Kanuni ya Pythagoras nilikuwa naikariri bila kujua ni ya kazi gani. Siku moja mwalimu wa ujenzi akatutoa nje na uzi, vigingi na futi kamba. Pima tatu upande huu, nne upande ule, sasa sogezeni kigingi mpaka ya mshazari isome tano. Pembe ikakaa mraba. Akasema msingi ukiwa mkubwa zidisheni, sita, nane, kumi, ni kitu kilekile. Nilisimama pale kwenye vumbi nikaelewa yote niliyokuwa nayaimba darasani. Tangu hapo mtihani wa hesabu haukunitisha tena. Ndiyo maana nabishana na mume wangu.

Jiriwa
Tatu nne tano! Mpaka leo nikifika saiti, fundi asiyeijua simwachii kazi.

WayaWaEthi
Dada Patasi, mwache mtoto asome umeme.

Kwetu wasichana tulikuwa wachache sana. Mwanzoni kila kundi lilimpa msichana daftari: andika wewe, sisi tunaunganisha. Mwandiko wetu ulisifiwa mno, koleo hatukuligusa. Mwalimu akaligundua, akaweka sheria kwamba aliyeandika jana leo ndiye anashika waya. Wavulana walinuna. Nisingeshika koleo muhula ule nadhani ningemaliza na cheti kisichojua kazi.

Kitu kimoja alichotufundisha kimeniweka hai. Kabla ya kugusa waya, pima mita yako kwanza kwenye soketi unayojua ina umeme. Kisha pima pale unapotaka kufanya kazi. Kisha rudi upime tena pale pa kwanza. Tulichoka kurudia hayo. Sababu yake ni kwamba mita iliyokufa nayo inasema hakuna umeme. Nimeshafika nyumba ambayo mwenye nyumba ameapa kuwa amezima, kumbe amezima chumba kingine kabisa.

Kaza
Tuseme ukweli hapa. Shuleni kwetu waliopelekwa karakana ni wenye alama za chini. Walimu wenyewe walikuwa wanatutisha, usiposoma utaishia karakana. Mume wa Patasi ana hoja, asilaumiwe.

Randa
Kaza, hiyo ni dhambi ya walimu wenu, usiubebeshe ufundi. Mimi niliingia karakana na alama nzuri kwa kutaka mwenyewe, na nilitukanwa na ndugu zangu kwa hilo. Unajua ugumu wa kusoma mchoro wa kiufundi? Kitu kimoja umeonyeshwa kwa mbele, kwa juu na kwa upande, kichwani ukigeuze kiwe kizima. Waliokuwa wanaongoza kwa kukariri walilia kwenye somo hilo.

Kaza
Sijatukana mtu. Nimesema nilichokiona.

Kabati
Mnabishania kitu ambacho nchi nyingine zimebishana zaidi ya miaka mia. Marekani walipitisha sheria mwaka 1917 kutoa fedha za serikali kuu kwa mafunzo ya kilimo, ufundi na maarifa ya nyumbani shuleni. Wengi walinufaika, ila mwanafunzi wa ufundi akawekwa njia yake na wa masomo yake. Mwanafalsafa John Dewey alikuwa ameupinga mgawanyo huo tangu mapema. Sheria zao za baadaye, ikiwemo ile iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2018, zinadai masomo ya darasani na ya ufundi yaende pamoja.

Ujerumani kijana anasaini mkataba na mwajiri. Siku tatu au nne za wiki yuko kazini na analipwa, zilizobaki yuko shule ya ufundi, na mtihani wake wa mwisho unasimamiwa na watu wa fani yenyewe. Uswisi vijana walio wengi, karibu theluthi mbili, wanapita njia kama hiyo, na tangu miaka ya 1990 kuna cheti kinachomvusha mwanafunzi wa ufundi hadi chuo kikuu cha sayansi tumizi.

Kwa hiyo Patasi, kabla hujasaini fomu uliza swali hili: mtoto akimaliza umeme, mlango wa chuo uko wazi au umefungwa? Fizikia na hesabu ataendelea nazo kwa kiwango kilekile cha wenzake? Ukijibiwa kwa kusitasita, hapo baba yake yuko sahihi.

Kaza
Hapo kwenye mlango wa chuo nakubaliana nawe. Wenzangu wale walifungiwa, na hakuna aliyewaambia siku ya kuchagua.

Kereza
Nilikuwa nasoma tu bila nia ya kuandika. Mmetaja karakana, usingizi umekata.

Sisi tulisoma mitambo. Tulikuwa na mashine za kukereza chuma, yaani zinazozungusha chuma kikichongwa, za zamani, nzito, nzuri sana zikitunzwa. Asubuhi ile ilikuwa baridi na rafiki yangu alivaa sweta la kaka yake, mikono imeshuka hadi vidoleni. Mwalimu akaitwa ofisini. Kanuni ilisema mwalimu akitoka mashine zinazimwa, lakini mtihani wa vitendo ulikuwa karibu, akasema endeleeni taratibu narudi.

Rafiki yangu alikuwa anasugua kipande kwa msasa huku chuma kinazunguka. Nikaona uzi mmoja wa sweta umenaswa. Uzi tu. Halafu mkono wa sweta ukaanza kujiviringisha, halafu mkono wenyewe. Hakupiga kelele mwanzoni. Alitoa sauti ya mtu aliyeitwa jina lake ghafla kwa nyuma. Nikabonyeza kitufe chekundu cha dharura. Hakuna kitu. Nikakipiga kwa kiganja. Mashine inazunguka. Kitufe kile kilikuwa kimekufa siku nyingi, tulizoea kuizima kwa mkono wa klachi, na mkono wa klachi ulikuwa upande wake, ameulalia.

Swichi kuu ilikuwa ukutani karibu na mlango. Na hapo chini ya swichi walikuwa wamerundika madawati mabovu. Niliyapanda madawati yale, sijui nilifikaje. Mota ikazima. Lakini chuma kizito hakisimami papo hapo, kiliendelea kuzunguka chenyewe, na wote mle ndani tulikuwa tunakitazama kikizunguka.

Kilichomwokoa ni uchakavu wa sweta. Lilichanika begani. Lingekuwa jipya lingemvuta kifua.

Mwalimu aliporudi hakumgombeza mtu. Alikaa sakafuni akampakata kichwa mpaka gari likaja.

Jiriwa
Ee Mungu wangu.

Cherehani
Kereza, mkono uliishia vipi? Usituache hapo.

Kaza
Pole sana ndugu. Hapo angevaa glavu pengine isingekuwa hivyo. Wanafunzi hawapewi vifaa.

Tupa
Hapana Kaza! Tafadhali mtu asilichukue hilo akampa mtoto wake. Kwenye mashine inayozunguka glavu ni hatari kama lile sweta. Inanaswa, na ikinaswa haiachii. Glavu ni za kuchomelea na kubeba mabati. Kwenye drili na kwenye kukereza ni mikono mitupu, mikono ya shati juu ya kiwiko, nywele zimefungwa, pete na mkufu vimebaki kwenye sanduku. Na msasa usizungushwe mkononi kukizunguka chuma.

Kaza
Na vile vichane vya chuma vinavyokata vidole je? Utavitoa kwa mikono mitupu?

Tupa
Kwa brashi au kwa kulabu, na mashine imesimama. Kwa vidole kamwe, na glavu au bila glavu.

Kaza
Sawa, hilo nimelipokea. Ila naona mafundi wakubwa wanavaa.

Tupa
Nawaona pia. Naona na vidole vyao.

Cherehani
Tunamsubiri Kereza. Wakati huo niseme yangu, hayana damu.

Nilisoma ushonaji. Watu wanadhani ni kukaa tu kwenye cherehani. Muhula wa kwanza wote tulichora na kukata karatasi: kupima kifua, kiuno, nyonga, kuhamisha vipimo, kuacha nafasi ya mshono, kuelewa kwa nini kitambaa kikikatwa mshazari kinavutika na kikikatwa kwa uzi wake hakivutiki. Nilichukia. Leo ndicho kinachonitofautisha na anayeshona kwa kunakili nguo nyingine. Shule itakayompa mtoto cherehani siku ya kwanza bila kumfundisha kukata, imemfurahisha tu.

Bomba
Mimi kuchomelea. Kilichoniuma ni macho. Mwenzangu alikuwa anachomelea pembeni, mimi nimesimama tu napiga stori, sina ngao ya uso. Mchana mzima sikuona tatizo. Usiku wa manane nikaamka macho yamejaa mchanga, machozi yanatiririka, taa siwezi kuitazama. Hakuna aliyetuambia kuwa mwanga ule unamchoma hata mtazamaji, na kwamba maumivu yanakuja saa kadhaa baadaye. Watazamaji nao wakingwe, kuwe na pazia. Mtoto akienda kuchomelea mwulize kama pazia lipo.

Na mkichomelea bomba lenye zinki kunyweni maziwa.

Tupa
Hili la maziwa nalo jamani. Maziwa yanaingia tumboni, moshi unaingia mapafuni. Ile homa ya kutetemeka jioni inatokana na moshi wa zinki. Ondoa zinki kwenye sehemu ya kuungia, fungua madirisha, simama upande upepo unakotoka, vaa kinga ya kupumulia iliyotengenezwa kwa moshi wa metali.

Bomba
Mwalimu wangu mwenyewe alikunywa maziwa miaka yote na alistaafu na afya yake.

Randa
Huenda alipenda maziwa tu. Bomba, madirisha ya karakana yenu yalikuwa wazi?

Bomba
Haikuwa na ukuta upande mmoja.

Randa
Basi umejibu.

Kitanda7
Aliyesoma mkondo wa afya sijamwona hapa, naomba niongee mimi niliyeusoma. Tulijifunza kutandika kitanda mgonjwa akiwa juu yake, kupima joto na mapigo, kunawa mikono kwa utaratibu, kumgeuza mtu asiyejiweza ili asipate vidonda vya mgongo. Halafu wakatupeleka wodini kwa vitendo. Wenzangu wengi waliwaka moto wa kuipenda kazi. Mimi niligundua siiwezi. Sikuwa na kinyaa, ila kila mgonjwa nilienda naye nyumbani kichwani na nikashindwa kulala. Niligundua nikiwa na umri wa shule, kabla wazazi hawajauza chochote kunisomesha chuo. Nikahamia mambo ya maabara, nipo huko na nina amani. Watu huhesabu waliofaulu kuingia fani. Naomba na sisi tuliojua mapema kuwa si yetu tuhesabiwe kwamba tulifundishwa vizuri.

WayaWaEthi
Kitanda7, hili sijawahi kulisikia likisemwa. Asante.

NyeupeChungwa
Kompyuta hapa. Nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Anayejua anajua. Nilifundishwa kufunga kichwa cha kebo ya mtandao sekondari na kazi yangu ya kwanza niliipata kwa huo mpangilio wa rangi za nyaya zake, walinipa kebo na kikoleo wakasema funga tuone. Ila niseme pia ubaya wake: mengine yote tuliyofundishwa yalikuwa ya programu zilizokwisha kuachwa. Mwulize mwalimu vifaa na programu vilibadilishwa lini mara ya mwisho.

Jiriwa
Mimi nasema apelekwe ujenzi, nyumba hazitaacha kujengwa.

NyeupeChungwa
Apelekwe anakotaka. Kumlazimisha ufundi na kumlazimisha udaktari ni mzigo uleule.

Kereza
Nimerudi. Samahani, nilihitaji kupumzika.

Mkono ulivunjika mahali pawili. Vidole viwili havikunji vizuri hadi leo. Alikosa mtihani wa vitendo, mwaka uliofuata akarudi akaufanya, kwenye mashine nyingine, mimi nikiwa nimeshamaliza. Nilienda kusimama nje ya dirisha. Sasa anachora mashine kwa kompyuta kiwandani. Kwenye kila mchoro wake anaweka kizuizi cha kukinga mkono kabla ya kuchora kitu kingine chochote.

Watu waliniuliza kama najutia kusoma mitambo. Hapana. Naipenda kazi hii kwa moyo wote. Ninachokikataa ni karakana kufunguliwa ikiwa na kitufe kilichokufa, mwalimu mmoja kupewa kundi asiloweza kulitazama, na huyo mwalimu kuitwa ofisini katikati ya kipindi. Waliomwita walijua alikuwa na watoto kwenye mashine.

Cherehani
Mungu amtunze. Na wewe pia, mwenzake.

MwalimuWaKarakana
Ninafundisha mitambo sekondari. Nimesoma maelezo ya Kereza jana usiku na leo nimeingia kazini kabla ya wanafunzi. Nimewasha kila mashine na kubonyeza kila kitufe chekundu. Drili moja kitufe hakikuzima. Nimeitoa kwenye umeme, nimeifunga kwa kufuli na kubandika karatasi, fundi ameshaitwa. Ofisi nimewaandikia kwamba nikiwa kipindini nisiitwe, anayenihitaji anifuate.

Kereza
Mwalimu, asante sana. Na swichi kuu?

MwalimuWaKarakana
Ipo ukutani, njia ya kuifikia iko wazi. Kila anayeanza zamu anaenda kuigusa kwanza ndipo arudi kwenye mashine yake.