Lenzi za macho kwenye baiskeli: vumbi, upepo na maji ya Chemka

Kiti_Kirefu (Moshi)

Wakuu, salaam.

Mimi ni mwendesha baiskeli wa wikiendi, siyo wa mashindano. Jumamosi tunatoka Moshi mjini watu wachache, tunapita Himo, tunapanda Marangu, tunakunywa chai Marangu Mtoni halafu tunashuka. Kupanda sina neno, miguu ipo. Shida yangu ni miwani. Sioni mbali: pawa ya jicho la kulia ni -4.50, la kushoto -5.00. Nikiivua, bodaboda na ng'ombe kwangu ni kitu kimoja. Asubuhi kule juu kuna ukungu, jasho linatiririka, ukisimama kidogo tu vioo vyote vimejaa mvuke. Tukianza kushuka ndiyo balaa: miwani inateleza puani, inabidi mkono mmoja uache breki ukairudishe. Na miwani ya jua siwezi kuipachika juu ya hii niliyonayo.

Nimeshauriwa nihamie lenzi za kuvaa jichoni. Nyumbani wamekuja juu. Mama mkwe anasema lenzi ikihama inazama nyuma ya jicho hadi kwenye ubongo. Jamaa mmoja wa kikundini naye anasema ukikaa karibu na jiko la nyama choma inayeyuka na kugandana na jicho. Hayo mawili sijayaamini sana, ila vumbi naliogopa. Kuna vipande vya rafu ambavyo lori likikupita huoni hata tairi lako la mbele.

Naomba kujua: vumbi likiingia inakuwaje? Upepo wa mteremko hauzipeperushi? Na zile siku tunazoelekea upande wa Boma Ng'ombe tukaishia chemchemi ya Chemka kuogelea, naingia nazo majini?

Nawasilisha.

Mzee_wa_Pancha

Mkuu, funga miwani kwa kamba ya kiatu kisogoni, maisha yaendelee. Baba yangu aliendesha Phoenix na miwani yake hadi anastaafu. Hela ya lenzi nunua tairi.

Dada_Gia_Ndogo (Usa River)

Kaka Kiti_Kirefu, karibu huku. Mimi navaa lenzi tangu niko chuo. Baiskeli naendea kazini Arusha, na wikiendi nipo barabara za Monduli, kwa hiyo kwa vumbi mimi ni mwenyeji.

Nianze na la mama, kwa heshima zote. Ndani ya kope kuna utando laini unaojikunja na kushikana na jicho pande zote. Njia ya kwenda nyuma haipo. Lenzi inaweza kujificha chini ya kope la juu ukadhani imepotea. Unaangalia chini, unapapasa kope taratibu kutoka nje, inashuka yenyewe. La nyama choma ni hadithi tu. Lenzi laini imejaa maji na inalowa machozi muda wote, joto la kuiyeyusha lingekuwa limeshakuunguza uso. Moshi utakuwasha, basi, kama unavyomuwasha kila mtu.

Upepo sasa. Lenzi laini ina upana wa kama milimita 14, inazidi ile duara nyeusi ya jicho, na kope zinaishika juu na chini. Kuipeperusha si kazi ndogo. Kinachokusumbua ni ukavu. Unashuka kutoka Marangu macho umeyakodolea mashimo, unasahau kupepesa, lenzi inakauka, ghafla barabara inaingia ukungu. Pepesa kwa makusudi mara kadhaa, ukungu unaondoka. Ikikauka kupita kiasi ndiyo inaweza kujikunja pembeni na kudondoka, hasa ukiingiza kidole kusugua.

Ndiyo maana miwani ya kukinga, ile iliyojipinda kufuata uso, lazima uvae. Watu wengi wanadhani raha ya lenzi ni kuachana na miwani. Kwetu sisi wa baiskeli raha yake ni kwamba sasa unavaa miwani yoyote isiyo na pawa: nyeusi mchana, vioo vyeupe alfajiri na jioni. Tena usidanganywe na bei za maduka ya michezo. Nenda duka la vifaa vya ujenzi, chukua ile miwani myeupe ya mafundi wa kukata vyuma. Imefunika pembeni zote na bei yake haiumi. Yangu ya jioni ni hiyo hiyo. Wenzangu wananiita fundi grili, lakini jua likizama na wadudu wakaanza kuruka, wao ndio wanaosimama kila mara kutoana vijidudu machoni.

Vumbi la kawaida, ukiwa na miwani hiyo, halikusumbui sana. Kazi ipo pale chembe inapopenya na kuingia chini ya lenzi. Utajua papo hapo, maana inachoma kama sindano: jicho linajifunga lenyewe, na la pili linatoa machozi kumsindikiza mwenzake. Punguza mwendo, toka barabarani kabisa, usisimame ukingoni mwa lami. Usisugue! Ukisugua unaikwaruza konea, kile kioo cha mbele cha jicho, kwa mchanga. Nawa mikono kwa sabuni, ikaushe, ndipo utoe lenzi. Kama ni ya siku moja itupe, vaa mpya au vaa miwani. Kama ni ya mwezi, isuuze kwa maji yake maalumu, itazame mwangani kama haijachanika, ndipo uirudishe. Na kama jicho linaendelea kuuma hata baada ya kuitoa, siku hiyo lenzi basi.

Kwa barabara zetu mimi sishauri za mwezi. Chukua za siku moja. Unavaa asubuhi, unatupa jioni, huhangaiki na kikasha wala kuosha. Kwa mtu anayevaa Jumamosi tu, hesabu yake si mbaya kama unavyoogopa.

Mfuko wangu wa chini ya kiti una jozi ya akiba, kichupa cha maji ya lenzi, kipande cha sabuni kwenye kikopo cha mafuta ya mgando, leso safi, na miwani yangu ya pawa. Hiyo miwani ndiyo ya muhimu kuliko vyote. Lenzi ikikusaliti Himo, utarudije Moshi na -5.00?

Mikono nayo. Mnyororo ukichomoka ukaurudisha kwa vidole, grisi haitoki kwa kupangusa kwenye kaptula. Na ukila chipsi na kachumbari yenye pilipili pale njiani, hata ukinawa mara mbili bado usiguse lenzi. Pilipili ina ukaidi, maji matupu haiyasikii. Mimi siku za safari nakula kwa uma, wanicheke.

Chemka: toa kabla ya kuingia, sijui nisemeje tena. Kuna kijidudu kinaitwa akanthamiba, kinaishi kwenye maji na udongo, ziwani, kwenye mabwawa, hadi maji ya bomba. Kinanasa kwenye lenzi, lenzi inakibandika kwenye konea, kinaanza kula. Maumivu yake si ya kusimulia, matibabu ni miezi, na wapo walioishia kupandikizwa konea au kupoteza kuona. Ni ugonjwa wa nadra, ndiyo, lakini wengi wanaoupata ni wavaa lenzi. Maji ya Chemka ni meupe hadi unaona mizizi na samaki chini, ila weupe huo hauna uhusiano na habari hii. Kwa sababu hiyo hiyo lenzi haioshwi kwa maji ya bomba, wala ya chupa ya dukani, wala mate. Nimeona mtu mzima na akili zake anaiweka mdomoni halafu anairudisha jichoni.

Mpima_Macho

Nafanya kazi ya upimaji macho. Dada Gia kamaliza mengi, ninaongeza yaliyobaki.

Usichukue karatasi yako ya miwani ukaenda kununua lenzi. Miwani inakaa mbele ya jicho kwa zaidi ya sentimita moja, lenzi inakaa juu ya jicho lenyewe, kwa hiyo pawa inabadilika. Kuanzia kama -4.00 tofauti inaonekana: -5.00 ya miwani inakuwa karibu -4.75 ya lenzi, na -4.50 yako inaelekea -4.25. Mpinda wa jicho nao unapimwa, maana lenzi inayobana haipitishi machozi na inayolegea inacheza. Ukiwa na astigmatizimu, yaani mpinda wa jicho usio sawa pande zote, kuna lenzi zake, na hizo zikizunguka kidogo mwono unavurugika, bora mpimaji azione zikiwa jichoni mwako.

Pili, ulikuwa na macho ya kuwasha utotoni, yale mekundu yanayosuguliwa mchana kutwa? Huku kwetu ni mengi mno. Kama mzio bado upo, utulizwe kwanza. Vumbi, mzio na lenzi haviishi nyumba moja.

La tatu nalisema kila siku kliniki. Mvaa lenzi jicho likiwa jekundu, linauma, linakimbia mwanga au mwono umefifia: toa lenzi, nenda kliniki ya macho siku hiyo hiyo, na ubebe lenzi na kikasha chake, vinaweza kupimwa kutafuta kijidudu. Usipitie duka la dawa kuomba "dawa ya macho mekundu". Baadhi ya matone yale yana steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe na wekundu. Wekundu unapungua, mgonjwa anafurahi, kumbe kidonda kwenye konea kinaendelea kuchimba. Maziwa ya mama na maji ya majani ndiyo kabisa usiguse.

Na usilale nazo, hata kausingizi ka mchana chini ya mti baada ya safari. Kope zikifungwa hewa ya oksijeni inayofika kwenye konea inapungua, na lenzi inaipunguza tena. Wadada wanaovaa lenzi za rangi kwenye harusi, haya yote yanawahusu nanyi. Ni lenzi zile zile.

Mlima_Tu (Marangu)

Mimi ni mpagazi, siku hizi naongoza wageni. Nichangie ya baridi tu. Ukitaka kupanda nazo Kilimanjaro, maji ya lenzi yanaganda usiku kambini, hivyo lala nayo ndani ya begi la kulalia, yeye na simu na betri. Mikono kule juu haiwi safi na maji ya kunawa ni ya kupimiana, wageni wenye akili wanabeba za siku moja. Usiku wa kileleni upepo unaleta vumbi la kokoto usoni na hewa ni kavu, wengi wanaamua kuvaa miwani yao ya kawaida. Sijawazuia. Asubuhi jua likitoka mkiwa Gilman's, pale ukingoni mwa kreta, mita 5,685, miwani ya jua lazima hata kama lenzi yako imeandikwa inazuia mionzi. Lenzi inafunika duara tu, weupe wa jicho na kope vinabaki wazi.

Mzee_wa_Pancha

Haya, mmenishawishi nusu. Nina miaka 49, -3.00 macho yote. Ramani ya njia kwenye simu naiona vizuri nikivua miwani. Nikivaa lenzi nayo nitaiona?

Mpima_Macho

Shikamoo mzee wangu. Swali zuri, watu hawaliulizi hadi wameshanunua. Sasa hivi ukivua miwani huo uono hafifu wa mbali ndio unaokusaidia kusoma karibu. Lenzi haivuliwi barabarani, kwa hiyo kwa umri wako mbali utaona safi na simu itakutoa jasho. Utabeba miwani midogo ya kusomea, au upimiwe lenzi za mbali na karibu kwa pamoja, ambazo si kila mtu anazizoea. Kuna wanaovaa ya mbali jicho moja na ya karibu jicho jingine, lakini kwa mtu wa kushuka milima napenda ajaribu kwanza kwa miguu, maana kukadiria umbali kunabadilika.

Mzee_wa_Pancha

Marahaba. Nitakuja nipimwe, na hiyo ya macho mawili tofauti mniache nayo.

Kiti_Kirefu (Moshi)

Asanteni sana wakuu. Wiki ijayo naenda kupima, na nitaomba za siku moja. Dada Gia, swali la mwisho: sisi tunaondoka saa kumi na moja na nusu alfajiri. Kuvaa kunachukua muda gani? Nimeangalia video moja, yule mtu anapambana na kope zake hadi huruma.

Dada_Gia_Ndogo (Usa River)

Mwanzoni utapambana hivyo hivyo, kaka. Jicho halijazoea kuguswa, linakataa. Usivae mara ya kwanza Jumamosi ya safari. Anza jioni nyumbani ukiwa umetulia, vaa masaa machache, toa, kesho yake ongeza. Kutoa kufanyie mazoezi kuliko kuvaa, maana mtu anayeshindwa kuvaa anabaki nyumbani, anayeshindwa kutoa ndiye anayeamsha majirani saa tano usiku. Ukizoea ni dakika mbili mbele ya kioo.

Lenzi ikiwa kwenye ncha ya kidole iangalie kwa pembeni. Ikiwa kama kibakuli iko sawa, kingo zikitanuka nje kama sahani umeigeuza. Ukiivaa imegeuka haikuumizi sana, ila itakukera njia nzima. Krimu ya jua paka baada ya kuvaa, kisha unawe mikono, na usiipake karibu na nyusi. Jasho linaishusha machoni kabla hamjafika Himo.

Na kwa kuwa macho yako yana pawa tofauti, andika K kubwa ya kulia na S kubwa ya kushoto kwenye maboksi kwa kalamu ya wino mzito. Anza na la kulia kila siku bila kubadili. Saa kumi na moja alfajiri, tena umeme umekatika, hutasoma yale maandishi madogo.