Je, bakteria wa mtindi hutengeneza sabuni yao?

Mwulizaji, Wete:
Assalamu alaykum. Kila nikichuja mtindi kwa kitambaa, huona povu likibaki ukingoni mwa bakuli. Nimesikia kwamba bakteria rafiki wa tumbo hutoa viambata vinavyofanya kazi kama sabuni. Je, povu hilo ndilo ushahidi wake?

Jibu, Mjini Unguja:
Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Povu hilo usilitegemee, kwani protini za maziwa zenyewe hutoa povu. Viambata vipo kweli: molekuli yenye upande upendao maji na upande upendao mafuta hujipanga juu ya maji na kuulegeza mvutano wa uso wake, yaani nguvu inayoukaza uso wa maji kama ngozi nyembamba. Surfaktini, kiambata cha bakteria aitwaye Bacillus subtilis, iliyoelezwa mwaka 1968, huushusha mvutano huo kutoka milinewtoni 72 kwa mita hadi takriban 27. Viambata vya Lactobacillus, jamii ya bakteria wapatikanao kwenye mtindi, kwa kawaida ni dhaifu zaidi, na vingi hubaki vimeshikamana na ukuta wa seli.

Jibu, Chake Chake:
Kinachowavutia matabibu ni kuzuia vijidudu kung'ang'ania: maabarani, mpira wa silikoni uliopakwa viambata hivyo hushikwa na vijidudu vichache zaidi. (Tafadhali, asitokee mtu akaosha kidonda kwa mtindi.)

Mwulizaji:
Nimefahamu, ahsanteni. Basi povu nitalimwaga pamoja na maji yake.