Biashara ya mtandao: wanaoifanya wanadharauliwa kwa haki au wanaonewa?

BintiUpanga (mleta mada)

Wakuu, salaam. Naleta mada ambayo najua itachafua hali ya hewa, ila bora ichafuke.

Sizungumzii duka la nguo la Instagram. Nazungumzia ile ya kujisajili kwenye kampuni, unachukua mzigo kwa bei ya mwanachama, unauza kwa bei ya juu kidogo, na unapata bonasi kwa mauzo ya watu uliowaingiza chini yako. Forever, Oriflame, Tiens, NeoLife na wenzao. Ukimtajia mtu kwamba hiyo ndiyo kazi yako, sura inabadilika. Ghafla anakumbuka ana kikao. Meseji zako zinabaki na tiki mbili za bluu. Wageni wa mahari wakiuliza binti anajishughulisha na nini, shangazi anawahi kujibu "yuko kwenye biashara" na kuhamisha mazungumzo.

Mimi nimo humo miaka kadhaa sasa, nauza vipodozi na sabuni, karibu vyote kwa simu. Msimamo wangu: dharau hii kwa sehemu kubwa tumeitafuta wenyewe. Haitokani na wivu wa "watu wenye akili za kuajiriwa" kama tunavyokaririshwa kwenye semina. Inatokana na kuficha.

Tazama tangazo lenyewe. Picha ya gari ambalo si la mwenye tangazo. Chini yake: "Natafuta watu watano walio tayari kubadilisha maisha yao, simu yako tu inatosha, njoo inboksi." Jina la kampuni hakuna. Bidhaa hakuna. Bei ndiyo usiulize. Ukienda huko inboksi na kuuliza ni kitu gani hasa, unaambiwa "siwezi kueleza hapa, njoo Jumamosi utaelewa." Jumamosi unakuta ukumbi, suti, makofi na mtu anayesimulia alivyokuwa akilala njaa. Saa nzima inapita kabla hujaona kopo la bidhaa. Mtu aliyeletwa hivyo akikukimbia mwaka mzima, una haki gani ya kulalamika?

Kuuza mkono kwa mkono si kazi ya jana. Kampuni iliyokuja kuitwa Avon ilianzishwa New York mwaka 1886 na David McConnell, mchuuzi wa vitabu aliyegundua kwamba akina mama wanapenda zaidi manukato aliyokuwa akiwapa kama zawadi. Tupperware ilitoa vyombo vyake madukani mwanzoni mwa miaka ya 1950 ikaviuza kwenye vikao vya wanawake majumbani. Aliyealikwa alijua anakwenda kuonyeshwa bakuli. Na hapa kwetu yupo mama wa vitenge anayezunguka ofisi za Posta mwisho wa mwezi, anakopesha, anaandika kwenye daftari, na hakuna anayejificha chooni akimwona. Anachotaka kwako ni ununue kitenge basi. Hana haja uache kazi ukatembeze vitenge chini yake.

Kwa hiyo siku hizi mstari wa kwanza wa tangazo langu ni jina la kampuni. Bei iko juu ya picha. Mteja ni mteja, simgeuzii mazungumzo ya kujiunga mpaka aulize mwenyewe, na wengi hawaulizi. Kwenye timu yetu naonekana msaliti.

Haya, nipigeni.

KibokoYaMatapeli

Dada, umeandika vizuri, ndiyo maana una hatari zaidi kuliko wale wa picha za magari.

Tumeshayasikia haya. Kampuni ya DECI ilikuja na lugha ya dini, watu "wanapanda mbegu" wasubiri kuvuna, wachungaji mbele. Ilipofungwa mwaka 2009 kuna waliokuwa wameshauza viwanja. Ikaja D9, mchezo uleule kwa jina jingine. Mwaka 2025 ikawa zamu ya LBL, unalipia kwanza halafu unaahidiwa hela kwa kubofya video. Kila mara mtu aliyekuingiza ni ndugu, jirani au muumini mwenzako, hajawahi kuwa jambazi wa kutoka mbali.

Mama yangu mdogo alichukua mkopo wa VIKOBA akajiunga na kampuni moja ya virutubisho, sitaitaja. Alihimizwa anunue mzigo mkubwa ili apande ngazi mwezi huohuo. Ngazi alipanda. Makopo yakakaa chini ya kitanda mpaka yakapita muda wake. Mkopo ulilipwa na mume wake, na hadi leo kwenye ukoo akisema ana wazo la biashara watu wanaangaliana. Usiniambie tatizo ni tangazo kutoandikwa bei.

BintiUpanga

Kaka, pole ya mama mdogo naitoa kwa moyo. Ila DECI hawakuwa na bidhaa, D9 vilevile. Hela ya anayeingia ndiyo iliyolipa aliyetangulia. Mimi nauza sabuni, inaisha bafuni, mtu anaagiza nyingine. Ukituweka sote kapu moja, tapeli ndiye anayefaidi, kwa sababu yeye hajali kuitwa tapeli.

KibokoYaMatapeli

Mama mdogo naye alikuwa na bidhaa. Tena makatoni.

WakiliWaKitaa

Hapo Kiboko kapiga penyewe. Kuwepo kwa bidhaa peke yake hakukutoi kwenye tuhuma. Kanuni ya Adhabu yetu inakataza upatu, yaani mchezo ambao hela ya anayeingia ndiyo inayomlipa aliyetangulia, na wakurugenzi wa DECI walifikishwa mahakama ya Kisutu kwa hilo. Lakini upatu wenye akili hununua shehena ya kitu chochote na kukipachika bei, ili ada ya kuingia iitwe "kununua bidhaa".

Wenye uzoefu mrefu wa kesi hizi ni Wamarekani. Mwaka 1979 tume yao ya biashara, FTC, iliamua kwamba kampuni ya Amway si piramidi, yaani si upatu, na ilitazama kanuni za kampuni yenyewe: msambazaji auze walau asilimia 70 ya mzigo kabla ya kuchukua mwingine, awe na wateja wa rejareja wasiopungua 10 kwa mwezi, na mzigo usiouzika urudishwe. Watu wa semina hupenda kuitaja hukumu hiyo. Wanaruka kwamba humohumo Amway walikutwa na kosa la kutia chumvi kuhusu mapato.

Mwaka 2016 kampuni ya virutubisho ya Herbalife walikubali kulipa dola milioni 200 na kubadilisha mfumo, ili walau theluthi mbili ya malipo ya wasambazaji itokane na mauzo ya rejareja yanayoweza kuthibitishwa. China walikwenda mbali zaidi: walipiga marufuku uuzaji wote wa mkono kwa mkono mwaka 1998, na mwaka 2005 wakauruhusu kwa masharti makali, ila ule wa kulipwa kwa ngazi za watu walio chini yako ukabaki marufuku.

Kwa hiyo kipimo ni kimoja. Kampuni ikisitisha kusajili watu wapya leo, je, mwezi ujao bado kutakuwa na hela? Kama ipo, ni biashara. Na mleta mada, mapato. Mwaka 2024 maofisa wa FTC walipitia taarifa za mapato za kampuni 70 za aina hii. Katika nyingi, wengi wa washiriki walipata dola 1,000 au chini yake kwa mwaka mzima, kabla ya kutoa gharama zao. Hebu tupe za kwako.

NgoshaWaNyegezi

Mnaongea kama watu wenye mishahara. Mimi nilimaliza chuo, nikazungusha bahasha Mwanza nzima mpaka soli ikaisha. Aliyenipa kazi ya kwanza ni huyu mnayemwita tapeli. Nilifundishwa kumpigia simu mtu nisiyemjua, kusimama mbele za watu, kuandika matumizi. Chuo hakikunifundisha hayo.

Na mbona wakala wa bima analipwa kamisheni, meneja wake anakula juu yake, hamumwiti mwizi? Wa bima naye humkwepi? Dalali wa nyumba je? Tunadharau kwa sababu anayeuza ni dada wa mtaani na hana tai.

Kuhusu semina, kweli zina makelele. Zipuuze, chukua mafunzo. Bidhaa nilishaacha kuuza, sasa nina wakala wa kutoa na kuweka pesa, lakini siwezi kuitukana kazi iliyonivusha.

MfamasiaTanga

Natoka kwenye upande ambao hamjaugusa, nao ndio unaonikera kuliko hela.

Mgonjwa wa kisukari anakuja dukani, sukari imepanda vibaya. Namuuliza dawa unameza? "Niliacha, natumia virutubisho, niliambiwa vinasafisha kongosho." Nani kakuambia? Jirani. Jirani kasomea nini? Alihudhuria mafunzo ya Zoom. Kopo analolitoa mfukoni limeandikwa waziwazi kwa Kiingereza kwamba bidhaa haikusudiwi kutibu ugonjwa wowote. Kampuni imejikinga kwenye lebo, muuzaji anamwaga ahadi kwa sauti ya WhatsApp, na mgonjwa yuko katikati.

Nilikuwa najaribu kueleza kwa upole kwamba kirutubisho si dawa, na kwamba kudai kinatibu ni suala la kisheria, si la maoni. Siku hizi namwomba mteja ampigie huyo jirani hapohapo kaunta, aweke spika, arudie mbele yangu alichosema. Wengi hukata simu.

Ngosha, wakala wa bima hajawahi kumwachisha mtu dawa.

MamaNailaMsa

Hamjambo nyote, nawaletea ya Mombasa. Huku kwetu tatizo si ujinga, ni muhali. Wifi yako akija na begi la losheni huwezi kumwambia la, utamkuta kesho harusini na keshokutwa matangani. Wanunua, waweka kabatini, hutumii. Mwezi ujao arudi. Yeye aona ana wateja kumi, kumbe ana jamaa kumi waliomstahi. Mwisho wakachoka, akalia kuwa "familia hawaungi mkono". Mie mwenyewe kabatini nina dawa za meno za kumalizia ujana wa mjukuu.

Ndio maana mwanangu alipoingia kazi hii nilimpa sharti moja: usiuzie mtu wa nyumbani wala wa chama changu. Tafuta usiowajua. Alinuna. Akafungua ukurasa, akaweka video akipaka losheni kwenye mkono uliokauka, bei hiyo hapo, lipa kwa M-Pesa, bodaboda akuletee Nyali, Bamburi, Likoni. Mtu asiyekujua hanunui kwa muhali, nawe wajua mara moja kama bidhaa yako yauzika kwa bei hiyo au haiuziki. Nyengine hazikuuzika, akaziacha. Hapo ndipo intaneti imesaidia kweli. Hizo za kuwatumia watu mia meseji moja ya "habari ya siku nyingi" ni usumbufu tu.

BintiUpanga

Mama Naila, shikamoo. Hilo la kuuzia usiowajua ningelisema mwenyewe ila umelisema vizuri zaidi. Mfamasia, sina utetezi. Kwenye kundi letu kuna sauti za aina hiyo, na anayezikosoa anaambiwa "unavunja timu moyo".

Ngosha, nakuunga mkono nusu. Mafunzo yapo. Ila wakala wa bima hapandi cheo kwa kujinunulia bima 20.

Wakili umetaka hesabu, chukua. Mwezi uliopita niliuza mzigo wa 620,000. Kwangu ulinigharimu 465,000, ikabaki 155,000. Bando 25,000. Bodaboda ambazo wateja hawakulipa 22,000. Sampuli 15,000. Mteja mmoja hajamalizia 28,000, nimeshaihesabu imekwenda. Mkononi 65,000. Bonasi ya timu, ambayo ndiyo inayopigiwa makofi ukumbini, ilikuwa 11,000. Jumla 76,000, na huo haukuwa mwezi mbaya. Nina kazi nyingine ya ushonaji, bila hiyo nisingelipa kodi ya nyumba.

Ndiyo maana nikimwona mtu anamwambia binti wa kidato cha nne "acha kazi uje huku", nakasirika kama nyie. Hiki ni kipato cha pembeni. Kikiuzwa kama kipato cha pembeni, kwa hesabu kama hizi, nani atakudharau?

KibokoYaMatapeli

Hapo sasa nimekusikia. Miaka yote hii ndiyo mara ya kwanza namwona mtu wa biashara hizi akitaja gharama. Lakini dada, kwa 76,000 nani atajiunga? Na asipojiunga mtu, kampuni inaishi vipi? Naona ukweli wako unaua mfumo unaokulisha.

BintiUpanga

Kama mfumo unakufa kwa ukweli, basi Wakili ameshatoa hukumu yake na mimi sitakata rufaa. Sidhani utakufa. Utapungua, wabaki wauzaji.

WakiliWaKitaa

Swali la mwisho kwako, na kwa yeyote anayefikiria kusaini. Mkataba wako una kipengele cha kurudisha mzigo usiouzika? Na umewahi kuona mtu akikitumia?

BintiUpanga

Kipengele kipo, ukurasa wa nyuma, maandishi madogo. Mzigo ukiwa haujafunguliwa na muda haujapita wanarudisha sehemu kubwa ya hela. Nimeona dada mmoja akijaribu. Simu ya kwanza aliyopigiwa haikutoka kampuni, ilitoka kwa aliyemwingiza, akimsihi asirudishe. Kampuni ikipokea mzigo inakata bonasi iliyokuwa imeshalipwa kwa watu wa juu yake, ngazi baada ya ngazi. Wanne walimpigia siku hiyo. Alirudisha.

Kiboko, mwambie mama mdogo atafute karatasi zake. Ya makopo muda umepita, ila kwa anayeanza leo, huo ndio ukurasa wa kusoma kwanza.