Ushauri: Ankara bandia zinatumwa kwa anwani yetu, na zetu halisi zinaishia kwenye barua taka

MhasibuWaVipuri: Habari zenu wanajamvi. Ninashughulikia hesabu katika duka la vipuri vya magari, Barabara ya Kirinyaga hapa Nairobi. Wiki iliyopita mteja wetu wa miaka mingi alipokea ankara yenye anwani yetu ileile ya barua pepe, ila namba ya Paybill ilikuwa ngeni, naye akalipa. Tumekagua akaunti na hakuna aliyeingia. Ankara zetu wenyewe, tunazozituma kupitia programu ya hesabu, nazo zinatupwa kwenye barua taka. Aliyetutengenezea tovuti anasema SPF ipo. Tumekosea wapi?

Seva_Ngara: Pole sana. Tapeli hakuhitaji nywila yenu, kwa sababu SMTP, itifaki ya mwaka 1982 inayosafirisha barua pepe hadi leo, haimdai mtumaji athibitishe anwani anayoiandika. SPF hutaja seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la kikoa chenu (sehemu ya anwani inayofuata alama ya @), lakini hukagua anwani ya kurudishia barua, ambayo mteja haioni, wala si ile anayoisoma. Tuwekee hapa rekodi zenu za DNS, yaani orodha ya umma ya mipangilio ya kikoa, zinazoanza na v=spf1; si siri, yeyote anaweza kuzisoma.

MhasibuWaVipuri: Ziko mbili. Ya pili iliongezwa tuliponunua programu ya hesabu.

Seva_Ngara: Basi hapo ndipo penye kosa. Kikoa hutakiwa kuwa na rekodi moja tu ya SPF. Zikiwa mbili, seva ya mpokeaji huziona zote kuwa batili. Ziunganishe katika mstari mmoja usiozidi utafutaji 10 wa DNS, kisha waombe wenye programu wawawezeshe kutia sahihi ya DKIM, yaani alama ya kidijitali inayothibitisha barua, kwa kikoa chenu, kwa ufunguo wa biti 2048.

Mwanamtandao254: Naongezea DMARC, kanuni nyingine inayowekwa kwenye DNS, kwani ndiyo inayodai kikoa anachokiona mteja kilingane na kile kilichothibitishwa na SPF au DKIM. Anzeni na p=none (barua isiyolingana isizuiwe), msome ripoti kwa wiki kadhaa hadi mjue kila mfumo unaotuma kwa jina lenu, ndipo mpande hadi p=reject (ikataliwe). Shule moja niliyoihudumia iliharakisha hatua hiyo, na barua za karo zikakataliwa. Tangu Februari 2024, Gmail inataka SPF au DKIM kwa kila mtumaji, na zote tatu kwa anayewatumia watumiaji wa Gmail barua zaidi ya 5,000 kwa siku.

MhasibuWaVipuri: Asanteni sana. Nimeunganisha rekodi mchana huu, na ankara ya majaribio imeingia kikashani ikiwa na maneno spf=pass. Kesho ninaomba ufunguo wa DKIM. Kwa sasa ninawapigia wateja simu mmoja mmoja, nikiwasomea namba yetu ya Paybill.