Takwimu zanifunga akili, mtihani umebaki wiki tatu

MwanaLangoni
Assalaam alaikum nduzangu. Niko likizo nyumbani Amu (Lamu), mwaka wa pili uuguzi, na nikirudi chuoni ni mtihani wa takwimu moja kwa moja. Hesabu za kawaida siziogopi. Lakini nikiona Σ na √ zimerundikana kwenye fomula moja, mikono yatoka jasho na swali lenyewe silimalizi kulisoma. Nimejaza madaftari mawili kwa kunakili noti. Nianzie wapi?

Mwalimu wa Mkomani
Waalaikum salaam, mwanangu. Acha kunakili, mkono unachoka na akili imelala.

Kwanza jua unachokiogopa. Hofu ya takwimu si hofu ya hesabu iliyobadili jina. Mtafiti Cruise na wenzake walipotunga kipimo cha hofu hiyo mwaka 1985, cha maswali 51, waliigawa mafungu sita: kuona takwimu hazina faida, kufasiri matokeo, mtihani na darasa, kujiona huwezi kukokotoa, kuona haya kuomba msaada, na kumwogopa mwalimu. Dawa zake si moja. Anayeogopa kufasiri, ukimpa mazoezi mia ya kujumlisha wamchosha bure. Wewe, kwa maelezo yako, umeshikwa na mtihani pamoja na kukokotoa. Wasiwasi hukalia ile nafasi ya akili ambayo ingeshika hatua za hesabu, ndiyo maana swali ulilolijua nyumbani linayeyuka ukumbini.

DauLaMatondoni
Fomula isome kutoka ndani kwenda nje, na uipe namba ndogo unazoziona kwa macho. Dau limeleta samaki siku tano, kwa kilo: 12, 15, 9, 14, 10. Tafuta mkengeuko sanifu, yaani namba hupishana na wastani kwa kiasi gani, kwa mkono, bila kalkuleta.

Jumla 60, gawa kwa 5, wastani 12. Toa 12 kwa kila siku: 0, 3, −3, 2, −2. Simama hapo uzijumlishe. Zisipotoa sifuri, umekosea wastani au kutoa, usiendelee. Sasa zidisha kila moja kwa yenyewe: 0, 9, 9, 4, 4. Jumla 26. Hiyo Σ inayokutoa jasho ni neno "jumlisha" tu.

Gawa 26 kwa 4, si kwa 5, upate 6.5. Kipeuo chake cha pili, ile √, ni 2.55. Kwa nini 4? Kwa sababu tofauti zile tano lazima zijumlike kuwa sifuri: ukishazijua nne, ya tano haina hiari. Zilizo huru ni nne. Wanafunzi wengi hukariri "n toa moja" (n ni idadi ya namba) bila kujua hili, na ndilo la kwanza kuwaponyoka.

Na 2.55 ni kilo, si namba iliyoning'inia hewani. Maana yake siku ya kawaida dau hupishana na wastani kwa kilo mbili u nusu hivi.

Bi Shela
Akishaiva kwa mkono ndipo ashike kalkuleta. Kwa Casio fx-82MS: MODE kisha 2. Futa data za zamani kwanza: SHIFT, MODE, 1, halafu =. Hapa ndipo wengi huharibikiwa, namba za swali lililopita zimo ndani bado. Kisha 12 M+, 15 M+, mpaka mwisho. Kila ukibonyeza M+ inakuonyesha umeingiza ngapi. Ya mwisho lazima iwe 5. SHIFT, 2, 1, = ni wastani. SHIFT, 2, 3, = ni mkengeuko wa sampuli, ule wa kugawa kwa 4.

MwanaLangoni
Ahsanteni sana. Na thamani ya p? Mwenzangu aniambia p ikiwa 0.03 basi kuna uwezekano wa asilimia 3 kuwa nadharia tete tupu, ile isemayo hakuna tofauti, ni kweli.

Mwalimu wa Mkomani
Mwenzio amegeuza. Tuseme walinganisha nyavu za aina mbili. p ya 0.03 yasema: *kama* nyavu hizo hazina tofauti yoyote, basi tofauti kubwa kama uliyoipata, au kuizidi, ingetokea kama mara 3 katika 100. Neno "kama" ndilo roho ya sentensi. Wala p haisemi tofauti ni kubwa kiasi gani. Hilo litazame kwenye kilo zenyewe.

Kijana wa Mokowe
Mimi nasema akariri karatasi za miaka iliyopita tu, wiki tatu hazitoshi falsafa.

Bi Shela
Azifanye, asizikariri, maana namba hubadilishwa. Na azifanye kwa saa. Karatasi ya saa mbili yenye swali la lazima la alama 30 na mawili ya 20: dakika 45 la kwanza, 30 kila moja ya yale mawili, zabaki 15 za kusoma na kukagua. Andika fomula, kisha iandike tena yenye namba, ndipo ukokotoe. Jibu likipotoka, alama za njia zabaki. Moyo ukianza kwenda mbio, chora jedwali la safu tatu (namba, tofauti, mraba) hata kabla ya kuelewa swali lote. Mkono ukiwa kazini jicho husoma vizuri zaidi. Na kwa mwalimu usiende na "sielewi". Nenda na mstari uliokwama, umeuzungushia kalamu.

MwanaLangoni
Nimefanya ile ya dau. Kwa mkono 2.55. Kalkuleta yanipa wastani 12 na mkengeuko 2.28. Nimefuta kila kitu na kurudia, ni ile ile.

DauLaMatondoni
Hujakosea hesabu. Umebonyeza SHIFT, 2, 2, nayo hugawa kwa 5. Bonyeza 3.